Mbegu ya Mama na Kopo la Aiskrimu

S.L.P. 417,
Molepolole,
Botswana.
24 Novemba 2019

Mpendwa mdogo wangu Oteng,

Dumela, mtoto wa mama. Habari za huko Leeds? Baridi imekuachia masikio? Mwenzio Shathani na mapacha wenu hawajambo? Sisi huku tu wazima, isipokuwa goti la Mama, ambalo siku hizi linatabiri mvua kuliko redio, na mimi kichwa kinaniuma kwa hasira. Nakuandikia badala ya kupiga simu kwa sababu katika nyumba hii ukiongea kwenye simu Mama anasikia yote, hata akiwa zizini.

Mvua ilinyesha Jumanne iliyopita, mvua ya kweli, ya kulimia. Wenye matrekta wameshahamia mashambani. Nyumba nyingine wanapanda, sisi tumekaa. Na chanzo chake ni makopo.

Unamjua Mama na makopo yake. Tangu uondoke hali imezidi. Ukifungua friji ukaona kopo la aiskrimu, usifurahi, ni utumbo wa mbuzi. Kopo la siagi lina vifungo. Jingine lina vipande vya sabuni vilivyoisha, anasema ataviyeyusha, sijui lini. Madumu ya mafuta ya kula ameyakata, chini kuku wanakunywea maji, juu anawamiminia wenye matrekta dizeli. Ndoo za rangi zimeota vitunguu mpaka mlangoni, kuingia ndani unaingia kwa ubavu. Nikimwambia tutupe hata moja tu, ananijibu, "Tupa la kwako ulilonunua." Na zile bakuli za vioo ulizomtumia Krismasi? Zimo kwenye boksi lake, uvunguni. Zinasubiri wageni. Hao wageni hata askofu akija watakuwa bado hawajafika.

Basi Jumanne, matone ya kwanza tu, Mama akapanda kiti kutoa kopo lake la juu ya kabati. Ndani yake mlikuwa na zile kunde za Bibi, nyekundu zenye madoa, alizozichanganya na majivu zisiliwe na wadudu. Unajua ukame wa miaka miwili umewamalizia majirani kunde zao zote. Sasa watu wanapanda za dukani. Zile zetu hakuna mwingine mwenye nazo, ni kopo hilo moja tu. Nilimwambia toka mwaka jana, "Mama, tuzitie kwenye chupa ya kioo, tuandike mbegu." Akasema mbegu yake anaijua, haina haja ya kuandikwa jina kama mtoto wa shule.

Kopo halikuwapo. Tukafungua makopo ya nyumba nzima, Oteng. Mifuniko, misumari, mafuta ya nguruwe, meno ya bandia ya marehemu Baba! Kunde hakuna. Mama jasho linamtoka, mimi nanung'unika. Mwisho nikaenda kumwita Shangazi Gabaitse, maana mwezi wa tisa tulipomwoza binamu yetu Kagelelo hapa nyumbani, yeye ndiye alisimamia sufuria, na dada wa Baba hana chumba anachobisha hodi.

Akaja anatabasamu. "Kunde zipi, wifi? Zile zenye majivu?"

"Hizo hizo," Mama akasema, uso ukamchangamka.

"Si nilizipika kwenye dikgobe ya jioni ya harusi! Makopo niliyokuja nayo niliwagawia wenzangu, sina pa kutia nyama yangu ya kubeba nyumbani. Nikaona kopo hilo la aiskrimu juu ya kabati, lina kunde. Ningemwaga chakula mimi? Nikaziosha, majivu yakatoka yote, nikazitia kwenye mahindi. Na wewe, wifi, uliomba uongezewe!"

Ni kweli. Aliongezewa. Hata mimi niliongezewa. Tulikaa pale na sahani zetu, tunasifu, kunde hizi tamu, nani kapika? Tulikula mbegu ya Bibi mpaka tukakomba sufuria.

Nikashindwa kunyamaza. Nikasema, "Shangazi, mbegu haipikwi!"

Akanigeukia. "We Boipelo, nani anaweka mbegu kwenye kopo la aiskrimu? Mimi maisha yangu yote kopo la aiskrimu ndani yake ni chakula. Ningejuaje?"

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba alisema kweli. Ungejua nilivyokasirika! Alipoondoka nikayakusanya makopo yote, nikayabwaga uani, nikaenda kutafuta kiberiti. Nilitegemea Mama aje na fimbo. Hakuja. Alikaa pale mlangoni kati ya vitunguu vyake, ananitazama tu.

"Yachome," akasema. "Mwaka huu silimi."

Nikaogopa, nikayarudisha ndani moja moja.

Tangu siku hiyo ni hivyo hivyo. Mwenye trekta alipita, Mama akamwambia aende kwa wengine. Nikanunua kunde za dukani, akasema nipande mwenyewe. Mbegu za mtama zipo, za matikiti zipo, na udongo bado una maji. Lakini Mama, ambaye alilima mwaka ule wa kumzika Baba, hataki hata kulitazama jembe.

Oteng, mimi na wewe ndio tulimwambia kila mwaka apumzike, shamba si la umri wake. Haya, amepumzika. Anakaa juani, mikono mapajani, na kuku wasipokula haulizi. Sijawahi kuona mapumziko mabaya kama haya, na nakwambia kweli, naona tulikuwa tunaomba kitu tusichokijua.

Sasa mpigie Jumapili, akitoka kanisani. Usimuulize goti. Usimwambie utatuma hela. Na nakuomba kwa jina la Baba, usimwambie apumzike. Mwombe alime. Mimi nimemwomba ananiona mnafiki, lakini wewe ni kitindamimba wake. Barua hii naipiga picha nikutumie kwa simu leo leo, posta itachelewa; fanya haraka, udongo unakauka.

Mjomba Rasebotsa anakusalimu sana, na Kagelelo na mumewe. Shangazi Gabaitse naye anakusalimu, ingawa mimi nimepokea salamu zake nimenuna. Wabusu mapacha kwa niaba yangu, mwambie Shathani tunamkumbuka. Mungu awalinde huko ugenini, na mvua popote mlipo isiwapite.

Wako akupendaye daima,
Dada yako Boipelo