Kachumbari Isiyotiwa Chumvi

Mchinga, 9 Juni 2023

Mwanangu Kazija,

Assalaam aleikum. Masikio yangu unayajua. Simu ya kuongea kwangu imekuwa kelele tupu. Kwa hiyo nakuandikia kwa simu hii, kwa tarehe na salamu, kama tulivyokuwa tukiandikiana ulipokuwa shule. Hujambo mama? Kazi ya jikoni hapo hotelini inakwendaje? Joto la Maskati nasikia linaunguza.

Sisi tumesharudi kutoka hospitali mjini Lindi. Mama yako yu hai, alhamdulillah. Upande wa kulia haujaamka bado, mkono na mguu, na mdomo umekwenda pembeni. Kuzungumza anaweza, ila maneno yanatoka mazito, basi hataki kuzungumza. Watu wakija kumjulia hali anajifunika kanga na kugeukia ukutani. Zuwena aliyekuwa akiongoza wanawake kwenye maulidi, leo anawaficha uso jirani zake.

Daktari amesema ni presha iliyomwangusha. Amekataza chumvi, tui zito na vya kukaanga. Mama yako mdogo Siti yuko Sudi na mjukuu mchanga, hawezi kuja kwa sasa, kwa hiyo ninayepika ni mimi. Nilimchemshia mchicha, akaonja akausukuma. Nikampikia kunde, vilevile. Akasema, "Rashidi, hiki chakula cha mgonjwa." Nikamwambia, "Na wewe si mgonjwa?" Hakula tena siku ile. Sikutakiwa kumjibu hivyo.

Anapungua, Kazija. Wewe ndiye mpishi. Niambie nimpe nini.

Baba yako,
Rashidi


Maskati, 12 Juni 2023

Baba yangu mpenzi,

Shikamoo. Wa aleikum salaam. Mimi mzima wa mwili. Barua yako niliisomea ndani ya chumba cha baridi cha mboga, maana humo mtu anaweza kulia bila kuulizwa.

Nimeomba ruhusa nije. Wamesema nisubiri Desemba. Nimerudi kuomba mara ya pili, jibu ni lilelile.

Sasa sikiliza. Hapa tuna saladi moja ya kabichi, ya Kiasia. Inaliwa mbichi, ni kama kachumbari, ila sosi yake ni nyingine kabisa. Kwa kawaida tunainyunyizia chumvi ilainike, na sosi ina soya, nayo ni chumvi tupu. Nilimweleza mpishi wetu mkuu, mama mmoja wa Kithai, habari za mama. Baada ya zamu akaniita, tukaanza kuitengeneza upya, tukiacha hiki na kuongeza kile, mpaka akaitikia kwa kichwa kwamba imekubali.

Kabichi ikate nyembamba kama uzi, na karoti hivyohivyo. Kamulia ndimu juu yake, halafu uiminye kwa mikono mpaka isikie na ianze kulegea. Ndimu na mikono yako ndivyo vitafanya kazi ya chumvi. Ufuta ukaange mkavu, bila mafuta, mpaka urukeruke na kunukia. Ukitoa moshi umechelewa. Utwange, bakiza kidogo mzima. Changanya na maji ya ukwaju, tangawizi ya kukwaruza, kitunguu saumu, asali kidogo, na mafuta ya ufuta kama yanapatikana. Sosi ndiyo hiyo. Imwagie mnapokaa kula, si kabla, la sivyo kabichi itatoa maji. Ukiwa na majani ya kotimiri, tupia juu.

Muulize kwanza nesi kama mama anameza vizuri vitu vibichi. Na usimwambie ni chakula cha mgonjwa. Mwambie ndicho ninachowapikia wageni hotelini, maana ni kweli.

Mbusu mkono kwa niaba yangu.

Mwanao,
Kazija


Mchinga, 24 Juni 2023

Mwanangu Kazija,

Marahaba mama. Tunashukuru Mungu, na leo nashukuru zaidi ya jana.

Nesi amesema anameza vizuri, ila nikate ndogondogo. Kabichi nilinunua kwa Fortunata, yule mama wa kutoka milima ya Kipatimu anayeuza mboga pale barabarani. Akaniuliza, "Mzee Rashidi, mgeni gani unampikia?" Nikamweleza. Nilipomwonyesha ninavyokata, akaninyang'anya kisu. Akaniambia kabichi haikandamizwi, inafuatwa. Nilirudi nyumbani nimejaa kabichi mpaka kwenye ndevu.

Mimi nimefanya kazi ghala la ushirika tangu ujana. Ufuta nimeupima na kuushonea magunia ukapelekwa huko Asia, na sikuwahi kujiuliza wanaufanyia nini. Nilidhani wanatengeneza kashata kama sisi. Nilipoukaanga harufu ikajaa uani, mama yako akageuka kutoka ukutani.

Nikamwekea. Akatafuna polepole, kwa upande ule mzima. Nikangoja asukume sahani. Akasema, "Umekata kama unachanja kuni." Halafu akacheka, Kazija. Mdomo ulikwenda kombo, akaufunika kwa kiganja, lakini alicheka. Akamaliza.

Sasa anakula kila siku, na samaki wa kuchoma kidogo. Nami nakula naye vijiko viwili vitatu ili asijione peke yake. Nikuambie ukweli, bila chumvi chakula hakinipiti kooni. Nikitoka hapo napita kwa Fortunata, ananiwekea ugali na ng'onda. Wewe unajua ninavyopenda samaki mkavu wa chumvi. Mama yako hajui.

Baba yako,
Rashidi


Maskati, 3 Julai 2023

Baba mpenzi,

Shikamoo. Habari ya mama kucheka nimeisoma mpaka naijua kwa moyo. Nilimfasiria mpishi mkuu lile la kuni, naye akacheka. Anawasalimu wote wawili.

Lakini baba, hiyo ng'onda sijaipenda. Nyumba moja, umri mmoja, chungu kimoja kwa miaka yote. Presha iliyompata mama inaweza kuwa nawe, na haipigi hodi. Umewahi kupimwa? Siku mtakayompeleka mama kliniki, nawe toa mkono ufungwe kile kitambaa cha kupimia presha. Hakiumi.

Nijibu hilo tafadhali, usilipite.

Mwanao,
Kazija


Mchinga, 29 Julai 2023

Mwanangu Kazija,

Marahaba. Natumaini u mzima. Sisi tunaendelea.

Nimechelewa kujibu kwa kuwa mikono imejaa kazi. Mama yako ameanza kukaa kitako peke yake. Wiki hii nilimwekea beseni mapajani, nikamwambia, "Niminyie basi, mimi nimechoka." Akaingiza mkono wa kushoto. Alianza kwa hasira, kama mtu anayefua, halafu akatulia. Sasa hataki niiguse kabichi yake. Akiona sijaleta ndimu ya kutosha anagonga beseni.

Kwa watu bado. Jana walikuja wenzake wa maulidi, akajifunika tena. Nilipowasindikiza mmoja aliniuliza kama anaweza kuzungumza. Nikasema anaweza. Akasema, "Mbona basi hatuzungumzishi?"

Umeuliza habari zangu. Mimi mzima. Kichwa kinaniuma asubuhi na macho yanaingia ukungu, ila yanatoka jua likipanda. Ni moshi wa jikoni, sikuuzoea. Siku ya kliniki foleni ilikuwa ndefu na mama yako alikuwa amechoka, kwa hiyo tulirudi. Mnada wa ufuta ukimalizika nitakwenda, nakuahidi. Kesho napita ghalani kuchukua ufuta mpya, maana ule wa zamani umeanza kuwa mchungu, na yeye amegundua.

Baba yako,
Rashidi


Maskati, 30 Julai 2023

Baba,

Shikamoo. Sitaandika mengi, niko kazini. Kichwa cha asubuhi na ukungu wa macho si moshi. Usingoje mnada. Ukiipata barua hii, acha ulichoshika, mwombe mtu akupeleke zahanati leo. Mama anaweza kukaa na Fortunata.

Niambie ukifika.

Kazija


Maskati, 8 Agosti 2023

Mama yangu,

Shikamoo. Nakuandikia kwenye simu ya baba, kwa kuwa sijui pengine pa kuandika.

Mama mdogo Siti ndiye aliyenipigia. Nilimwambia hapana, baba ninaongea naye kwa barua, nimemwandikia leo hii. Akaniacha nikasema mpaka nikamaliza. Inna lillahi wa inna ilaihi rajiun. Walipomzika nilikuwa nimesimama napanga sahani, kwa sababu sikujua jambo lingine la kufanya kwa mikono yangu.

Nimekutazama wewe, mama, nikamsahau yeye. Ningemwandikia kwa ukali zaidi, au ningempigia Siti mapema. Hili linanizunguka usiku na mchana.

Ilikuwaje? Sikumuuliza mtu. Na wewe unakula? Nani anakupikia? Siti anasema hujasema neno. Kama huwezi kuandika, mwambie aniandikie badala yako.

Mwanao,
Kazija


Mchinga, 2 Septemba 2023

Mwanangu Kazija,

Marahaba mwanangu. Mungu akupe subira, nami aniongezee yangu. Naandika kwa gumba la mkono wa kushoto, kidogo leo na kidogo kesho. Siti alitaka kuniandikia, nimekataa. Herufi zikikosewa, soma hivyohivyo.

Umeuliza ilikuwaje. Alikunywa chai, akaniwekea maji karibu, akaondoka. Wa ghalani wanasema aliwasalimia wote, akachota ufuta kiganjani, akaupuliza, akausifu. Kisha akakaa kwenye magunia na kuegemea ukuta. Walidhani amesinzia, wakamwacha apumzike, kwa kumheshimu. Walipokwenda kumwamsha kwa swala ya adhuhuri alikuwa ameshatutoka. Barua yako ya siku ile nimeifungua mimi, baada ya mazishi. Yeye hakuiona.

Hukumsahau. Mambo ya ng'onda niliyajua. Nimelala na mtu yule tangu nikiwa msichana, nisijue alikotoka na harufu hiyo? Nilimwambia, "Rashidi, na wewe acha chumvi." Akashika sikio, akasema hasikii. Baba yako alikuwa akisikia anachotaka. Basi uzito huo usiubebe peke yako. Tulimwambia wote wawili, naye alikuwa mtu mzima.

Nami nikueleze jambo. Siku ya khitma nyumba ilijaa wanawake. Nilitaka kugeukia ukutani, na ukutani nako wamekaa. Wakaniletea pilau. Nikaisukuma. Wakanong'onezana kwamba ni majonzi. Mmoja akachukua kijiko akaanza kunilisha kama mtoto, huku Siti akimwambia mwache.

Nikafunua uso. Nikasema, polepole, kwa mdomo huu ulivyo, "Sitaki pilau. Nina presha. Nileteeni kabichi."

Wengine hawakuwa wameisikia sauti yangu tangu nianguke. Bibi mmoja akasema, "Kabichi msibani?" Fortunata alikuwa amekaa kizingitini, anaona haya kuingia kwa kuwa yeye ni Mkristo. Akainuka bila kuulizwa, akarudi na kabichi mbili na kisu chake. Wakakata. Nikawaambia nyembamba zaidi, ndimu kwanza. Siti akakaanga ule ufuta alioufuata baba yako. Wa ghalani waliuleta pamoja naye, umefungwa ndani ya leso. Beseni likaletwa mapajani kwangu, nikaiminya mwenyewe, nalia, na hakuna aliyeniambia ninyamaze.

Nilipoanza kula, mwenzangu mmoja wa maulidi akasogea akasema kwa sauti ya chini, "Nigawie, nami ninayo hiyo presha." Halafu akasema mwingine. Na mwingine. Kumbe tulikuwa wengi, kila mmoja na yake chini ya kanga. Nikawauliza, "Waume zenu je, wamepimwa?" Wakatazamana. Jumatatu walikwenda zahanati pamoja, na wanne walikuwa wamewavuta waume zao kwa nguvu. Wawili wameanzishiwa dawa siku hiyohiyo.

Siti amehamia hapa na mjukuu. Nakula. Kutembea ninafika mlango wa uani, kwa mkongojo.

Niko edani. Utakapokuja Desemba nitakuwa nimeimaliza. Usiniletee kitu. Niambie tu basi linafika saa ngapi. Nitakuwa nimekaa pale kituoni, mbele ya watu wote, nakungoja.

Mama yako,
Zuwena