Mkanda Uliobaki Kwenye Kamera ya Baba Kulwa

Baba Kulwa, shikamoo.

Itikia mwenyewe huko uliko, tuendelee, maana nina saa moja tu na mikono inaniwasha.

Filamu yako iko kwenye dawa. Ile iliyobaki ndani ya kamera ulipoondoka. Iko kwenye tangi, tangi liko kwenye beseni la maji ya mtungi, beseni liko juu ya meza yako kwenye chumba cha nyuma, na mimi nimekaa mbele yake nimeshika kalamu. Natakiwa nisiliguse saa nzima. Mimi! Unanijua, hata chai siwezi kuisubiri ipoe. Nimechukua karatasi kule steshenari kwangu ili mkono uwe na kazi, usije ukanyanyuka wenyewe ukaenda kutikisa.

Ndiyo, nimeilaza. Usinune. Najua ulivyokuwa ukisema, kulaza filamu kwenye dawa nyepesi ni kazi ya wavivu. "Filamu isipotikiswa inakudharau, Mama Rehema." Nakumbuka. Lakini ulituacha bila kusema neno, na mtu aliyeondoka bila kusema neno hana haki ya kuchagua jinsi ya kusafishiwa filamu yake.

Jambo lenyewe ni hili. Jumamosi tunamalizia kujengea kaburi lako. Fundi ameshabandika malumalu nyeupe, na upande wa kichwani ameacha kidirisha cha mraba cha kuweka picha na kioo. Picha tuliyonayo ni ile ya kitambulisho, tuliyoisimamisha juu ya jeneza. Umekodoa macho, shingo imekaza, kola moja imelala na nyingine imesimama, kama mtu aliyekamatwa na kuku wa jirani. Watu walikuwa wanalia huku wanaitazama mara mbili mbili.

Mkeo haijamshuka mpaka leo. Siku ile ya msiba alininong'oneza, "Nyasubi nzima wana picha walizopigwa na mume wangu. Harusi zao, ubatizo wao, mpaka ng'ombe wao. Mimi ndiyo nibaki na hii?" Picha yenu ya harusi ililiwa na mchwa kule Kharumwa, enzi zile unazunguka machimboni ukiwapiga wachimbaji picha za kutuma makwao. Baada ya hapo kila picha ya nyumba hii wewe ulikuwa upande wa pili wa kamera. Nimepekua kila boksi. Kulwa yupo, Doto yupo, mama yao yupo, hata mbuzi yupo. Wewe hupo.

Kwa hiyo tumaini lote limebaki kwenye mkanda huu. Na tumaini hilo limetoka kwenye lile kundi letu la simu, Mkanda Mmoja. Bado lipo, usiwe na wasiwasi. Sheria zako hatujazigusa: kila mwezi mada moja, kila mtu mkanda mmoja, unatuma picha moja tu na unaeleza uliipigaje, mwanga ulitoka wapi, dawa gani, dakika ngapi. Asiyeeleza anatolewa. Mwezi wako wa mwisho mada aliitoa Zuhura wa Chato, yule muuza dagaa, akasema kila mmoja ajipige mwenyewe. Tulijua utakwepa. Badala yake ukaandika kwenye kundi, "Yangu tayari. Mtakoma." Ukatuma na sauti ukijisifu kwamba umeweka kamera kwenye stuli uani, umeitega ijipige yenyewe baada ya muda, ukakimbia kukaa mbele yake. Unacheka kwenye ile sauti. Nimeisikiliza mpaka Rehema ameniambia mama, basi.

Wiki ileile presha ikakuangusha.

Kamera aliniletea Kulwa tulipomaliza matanga, imefungwa kwenye kitenge cha mama yake. Nikaurudisha mkanda kwenye kopo lake taratibu, roho mkononi. Halafu nikakwama. Uliupigaje, Baba Kulwa? Uliupiga kwa nguvu yake ya kawaida ya kunasa mwanga, au uliuvuta, ukaupiga kama una nguvu kuliko ulivyo ili ukausafishe kwa muda mrefu zaidi? Kijigurudumu cha kuonyesha nguvu hiyo kwenye kamera hakisemi kitu, kimeganda tangu nikujue. Kipima mwanga chako kilikuwa ni kivuli cha mkono wako ukutani. Unatazama kivuli, unakunja uso, unazungusha lenzi, na unapata. Sisi wengine tulikuwa tunaona ukuta tu.

Nikauliza kwenye kundi. Yaani ni kama niliwasha moto! Deus wa Geita, fundi wetu wa kuchomelea, akatuma sauti anapiga kelele juu ya mashine zake, "Mzee alikuwa uani, jua lote lile, safisha kawaida, acha woga!" Zuhura akamjibu, "Uani asubuhi au uani magharibi? Huyo mzee alikuwa anavuta mpaka mkanda wa mchana, wewe hujui?" Wakabishana siku nzima. Nikikosea kwa huku, uso wako unatoka kivuli kitupu. Nikikosea kwa kule, unatoka mweupe pe, hauna macho wala pua. Mkanda ni mmoja, haurudiwi.

Mwishoni Zuhura ndiye aliyesema tuulaze. Dawa kidogo, maji mengi, ukae. Palipoingia mwanga mwingi dawa inajichokea yenyewe inaacha, palipo na mwanga haba inaendelea kula polepole. Namna hiyo hata kama hatujui uliupigaje, kitu kitatoka. Deus akaandika, "Mzee atafufuka aje awachape." Nikacheka, nikalia, mteja wa picha za pasipoti akaniuliza dada vipi, nikamwambia ni vumbi.

Vumbi. Unakumbuka mada ya vumbi? Deus alipiga kwenye karasha la kusaga mawe pale Geita, vumbi lote likatoka kama ukungu wa hovyo. Ukamwambia umelipiga likiwa mbele yako na jua mgongoni, umelipiga kama mgeni. Weka jua nyuma ya vumbi, likuangalie. Ukatuma ya kwako ya Kharumwa, mwanamke anapepeta mtama na kila chembe inaonekana.

Nimetazama saa. Bado sana. Mungu wangu. Nimenyanyuka, nimekaa. Nimekwenda dirishani, nimerudi. Bati linalia kwa joto na nimeongeza maji ya mtungi kwenye beseni. Tangi sijaligusa, naapa, nimegusa beseni tu.

Ngoja niseme jambo ambalo linanikaba, kwa kuwa leo huwezi kuondoka katikati ya mazungumzo. Ule mkanda wa mada ya mikono sikuutupa mimi.

Ulimpiga Mama Kulwa mikono akikata viazi vitamu vya kuanika michembe. Mkanda ukapotea, ukajiaminisha kwamba uliusahau kwangu. Ukaja dukani kwangu, mbele ya wateja, ukaniambia, "Utakuwa umeufagia na takataka zako za pasipoti." Sauti ile! Nikakujibu vibaya, ukanijibu vibaya zaidi, ukatuma kwenye kundi picha ya zamani ya mikono ya fundi cherehani na wiki nzima ukawa unapita dukani unaitikia shikamoo yangu huku unatazama barabara. Yakaisha yenyewe, tukanywa chai, lakini hukuwahi kusema Mama Rehema nilikuonea. Mimi nikasubiri. Nimesubiri mpaka umekufa, mzee wewe.

Juzi nilimwambia Mama Kulwa habari hiyo, akashangaa. Akasema siku ile anaikumbuka vizuri. Alikuwa uani na kisu, wewe umemaliza kupiga, unazungusha mkanda kuurudisha, mara mvua ikashuka bila hodi na michembe yote imeanikwa juu ya turubai. Akakuita. "Akatupa kila kitu juu ya stuli akaja mbio, tukaanua pamoja tunacheka kama watoto." Ndicho alichoniambia. Baada ya hapo hajui mkanda ulikwenda wapi.

Basi. Saa imefika. Naweka kalamu.

Nimerudi. Ukiona wino umevuja, ni maji.

Niliimwaga dawa, nikaweka ile ya kugandisha picha, nikasuuza, nikafungua. Nikavuta filamu nikaiinua dirishani. Baba Kulwa, nilikaa chini sakafuni. Vurugu tupu. Mistari imepita juu ya mistari, picha imeingia ndani ya picha, mpaka wa hii umekata tumbo la ile. Nikasema nimemharibu. Zuhura amenishauri vibaya na mimi nimemharibu, na Jumamosi anawekwa yule mwizi wa kuku.

Nikatazama tena. Dawa haitengenezi vidole. Mimi nilikuwa naona vidole. Vidole, kisu, na vipande vya viazi kwenye ungo.

Kitu cha kwanza kabisa ulichonifundisha ni hiki: ukirudisha mkanda usiuingize wote kwenye kopo lake, sikiliza ukatike ukiachia kishikio, simama, acha ncha yake, ule ulimi, nje, maana ndio tutakaoushika gizani wakati wa kuupakia kwenye tangi. Na palepale, kabla hujakohoa, ukunje ulimi. Uliokunjwa umeshapigwa. Ulionyooka ni mpya. Deus aliwahi kupakia mkanda uliopigwa akaupiga tena, na ulimtania mwezi mzima, ukambadilisha jina ukamwita Deus Mara Mbili.

Haya. Mvua ilikuja, ukakimbilia michembe, na hukukunja ulimi! Mkanda ukalala mahali kwenye mfuko wako wa kamera umenyoosha ulimi, na ulipofika mwezi wa kujipiga ukauchukua ukidhani mpya. Ulikuwa nao wewe! Wakati wote huo, wakati unapita dukani kwangu unatazama barabara, ulikuwa nao begani!

Nilipiga kelele. Nilisema, "Baba Kulwa! Wewe! Wewe uliyetufundisha!" Nikageuka kwenye kiti chako nikuringie, niwe na siku yangu moja tu, na kiti kina mfuko wa saruji ya kaburi lako juu yake. Hapo ndipo nilipolia kweli. Sikulia hivyo hata makaburini.

Picha nyingi hazifai, zimejaa ukungu. Moja imetoka. Nimeipiga kwa simu nikageuza rangi, nyeusi ikawa nyeupe, na ukatokea. Umekaa kwenye kigoda, mikono kwenye magoti, unapumua juu juu kwa sababu umetoka kukimbia. Unacheka na lile pengo lako. Kifuani mwako na mapajani imepita mikono ya Mama Kulwa, na pete yake, na kisu, na ungo. Anakukatia viazi mapajani. Uso wako hakuna kilichougusa.

Mama Kulwa alisikia kelele akaja kutoka uani. Nikampa simu. Aliitazama muda mrefu, akaivuta kubwa, akaishusha, akaitazama tena. Akagusa vidole vyake vya kwenye picha kwa kidole chake.

"Hatukuwahi kupigwa pamoja," akasema.

Nikamwambia nitaisafisha kubwa, fundi aiweke kaburini kabla ya Jumamosi, kidirisha kipo tayari. Akanitazama kama nimesema jambo la ajabu sana.

"Hii? Niianike makaburini inyeshewe? Fundi aweke ile ya kitambulisho. Hii imeshaanuliwa."

Akaniambia wabeja, asante ya kwao, akaondoka na simu yangu. Hajanirudishia mpaka naandika hapa. Kwa hiyo samahani, Baba Kulwa, Jumamosi utakodoa macho. Nimepigania uso wako nimeshindwa na mkeo, na sidhani kama wewe ungemshinda.

Simu ikirudi nitaituma kwenye kundi, picha yako ya mada mbili kwa mpigo. Na maelezo nitayaandika, sheria ni sheria: mwanga wa uani, mikono ya Mama Kulwa, dawa ya wavivu, saa moja bila kuguswa, mpiga picha hakukunja ulimi. Deus atafurahi mpaka azimie. Mwache, ana haki yake.

Pumzika, mzee wangu. Nimechoka na bado siwezi kukaa. Nitalitunza kundi, nitaitunza kamera, na kila mwezi nitampelekea Mama Kulwa picha moja ya kubishana naye. Nilipomaliza na filamu yako nikapiga mkanda wangu wa mwezi huu wote hapa uani kwako, hovyo hovyo, ili mikono itulie. Nimeurudisha, nimesikia ukikatika, nimesimama. Mawingu yalikuwa yametanda na Mama Kulwa alikuwa ananiita nikamsaidie kuanua nguo.

Nilimwacha aite. Nilikunja ulimi kwanza.

Ni mimi,
Mama Rehema, ambaye hakuutupa.