Kaptula Yako Mtandaoni

Baba Kabula,

Sijui huko uliko habari zinafikaje. Huku kwetu zinafika kabla ya maiti.

Duara la Mwakitolyo, lile shimo lenu la dhahabu, lilipokufunika, dada yako alipanda bodaboda kuja Ngokolo kumwambia mtoto taratibu, kama ada yetu. Akakuta Kabula ameshakuona. Mdogo wako Masanja alikurekodi ukitolewa kwenye kifusi, akakurusha kwenye kundi la ukoo, na ukoo ukakurusha duniani. Ati watu wajue. Mbona hawakutaka kujua ulivyokuwa ukiimba bafuni?

Watu waliicheka kaptula yako, mume wangu. Ile iliyotoboka nyuma. Na binti yako, miaka kumi na minne, akawa anawajibu mmoja mmoja: "Huyo ni baba yangu." Wakamcheka na yeye. Akagoma kula, akagoma shule, akabaki ameinamia simu. Masanja akaniambia nimpokonye. Yeye! Kweli nyani haoni kundule.

Ningempokonyaje, na sauti yako imo humo? "Kabula, umekula?" Kila jioni ulimtumia hiyo, hata siku ambazo mwenyewe ulishinda njaa.

Mwalimu wake wa malezi alinishauri nikae naye, tusome pamoja. Nikakaa. Nilisoma matusi ambayo hata machimboni sijawahi kuyasikia. Tukawafungia waliotukana, na kwa kila tuliyemfungia, Kabula alilia, maana aliona kama anakuacha bila mtetezi. Nimechoka, Baba Kabula. Nina hasira na kila mtu, hata wewe uliyekwenda.

Juzi tulianua tanga. Kabula alipoangua kilio, Masanja akainua simu, amwelekezee usoni, akimwita mama kwa lugha ya kwetu: "Mayu, ndugu wa mbali wanataka kuona." Mbele ya wazee wote niliichomoa mkononi mwake, nikaitumbukiza kwenye sufuria ya maharage. Wazee wakaguna. Dada yako akachukua mwiko, akakoroga.

Usidhani nimeshinda. Jana video yako imeonekana tena kwenye simu ya jirani, na kesho itafika kwa mwingine. Siwezi kukuahidi kwamba itafutika. Ninachokuahidi ni kwamba mwanao hataisoma dunia hiyo peke yake tena. Akiinama, nitainama naye, hata kama kila neno linanichoma.

Kwaheri, baba wa mwanangu. Lala wewe. Mimi niko na huyu.

Mama Kabula