Gari Limepona, Mwanangu Hataki Kuondoka

Mpendwa mshauri, shikamoo kama umri unakuruhusu kuipokea, naomba msaada wako na uniwie radhi kwa mwandiko maana shule niliiacha mapema. Kitinda mimba wangu yuko kwenye chama cha wapenda magari ya zamani, na kila Jumapili wenzake wanakuja uani kwangu kulitengeneza gari lake, watu wazima wana ndevu, wanafungua boneti wanainama wote kama kuku wanaodonoa sahani moja, lakini magari hata hawayaongei, wao ni "mke wangu kanuna," "mtoto anaota meno," "kiuno kinaniuma," na mimi niko jikoni nasikia yote nacheka peke yangu. Sasa mwanangu kapata kazi mji wa mbali, akaniambia, "Mama, gari likipona tu naondoka," basi nikawa naliombea lisipone, Mungu anisamehe. Juzi nimewahi kurudi kutoka kliniki, nasikia gari linanguruma safi, kugonga geti tu, likazimwa! Naingia nakuta wameshachomoa plagi, na yule wanayemwita Injini, maana kicheko chake hakizimiki, ananiambia, "Mama, mgonjwa bado hajaamka." Nikajifanya sijui, nikaenda jikoni, nikamsikia mwanangu, "Jamani, nikiondoka mama atabaki na nani? Na presha ile?" Injini akamjibu, "Ndugu yangu, mwezi ukiisha hiyo kazi wanampa mwingine." Tangu hapo sina usingizi, nikisema nimejua nitamtia aibu, nikinyamaza kazi itampita, na akienda, mshauri, uani patakuwa kimya kama nyumba iliyohamwa. Nifanyeje?

Mama wa Uani

JIBU

Mama wa Uani, pole, na hongera pia, maana mtoto anayedanganya ili abaki na mama yake ni wa kutafuta kwa tochi. Lakini na wewe! Unaliombea mabaya gari la mwanao, halafu unashangaa usingizi umekukimbia? Tena presha isipande vipi, na masikio yako yanashinda uani? Yeye anakuonea huruma, wewe unamwonea huruma, na huruma zenu zinamtafutia kazi mtu mwingine.

Jumapili hii toka jikoni. Vaa nguo yako ya kutokea, shika mkoba, ingia kiti cha mbele, funga mkanda, umwambie, "Baba, washa twende, nataka kuiona njia utakayopita kwenda kazini." Neno la plagi usilitaje mbele ya wenzake. Mkiwa wawili barabarani, mweleze kwamba dawa za presha unazimeza mwenyewe, na simu unajua kuipokea. Kulia ruksa, ila akishakubali kwenda.

Na hicho kimya unachokiogopa, mbona dawa yake unayo? Wale wenye ndevu kila mmoja ana gari bovu na mke aliyechoka kuliona. Mwambie Injini alete lake hapo uani. Hilo, hata likikawia kupona, halimkoseshi mtu kazi.