Maji ya Bwawa la Tatu

Karakana ya Vitambaa,
Kando ya mto.
9 Machi

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Magoti yanaendeleaje? Baridi ya huko bado inauma? Sisi tu wazima. Mama anakohoa kidogo na kulalamika sana, kwa hiyo jua kwamba hajambo.

Nina jambo la kukusimulia, nalo bado linanishangaza. Unaukumbuka mto wetu? Tukitia vitambaa bluu, unatiririka bluu. Tukitia nyekundu, nyekundu. Mwaka jana watoto wa bondeni wanaooga humo walitoka vipele mwili mzima. Manispaa ikatuambia tusafishe maji yetu kabla ya masika, la sivyo karakana itafungwa. Tungekula nini, sisi na mafundi wetu?

Akaja mhandisi wa mto, dada mmoja mpole. Akashauri tuchimbe mabwawa matatu yanayoteremshiana maji, tuyajaze kokoto na matete. Mama, wifi yako, alicheka mpaka akakaa chini. "Majani ndiyo yatakunywa rangi yangu? Mwanangu, umekula leo?"

Lakini maji yalishatufika shingoni. Tukachimba ua wote wa kuanikia.

Mwanzo ilikuwa aibu tupu. Matete yalinyauka, harufu ikasambaa, majirani wakatuita wakulima wa tope. Mhandisi akarudi, akaingia matopeni mwenyewe. Akatuwekea shimo la chokaa ili rangi nzito izame kwanza, akapunguza mkondo. "Maji yanapita mbio, mama. Yape nafasi." Polepole matete yakachipua upya.

Jumamosi tulitia ile bluu nzito ya sare za shule. Nikayafuata maji kwa miguu. Bwawa la kwanza, wino. La pili, kijivu cha mawingu. La tatu, Shangazi, niliona kokoto chini! Kereng'ende wametua kwenye matete, viluwiluwi vinakatiza.

Nikamwita Mama. Alichuchumaa, akachovya mkono wake uliokolea rangi mpaka kiwikoni, akautazama ndani ya maji kwa muda mrefu. Kisha akasema taratibu, "Kumbe yalikuwa yanaweza kuwa hivi."

Manispaa wamepima, wameridhika, kazi inaendelea. Jirani yetu mtengeneza sabuni ameomba miche ya matete. Mama amempa, pamoja na amri chungu nzima.

Nisalimie binamu fundi saa, mkewe, na kitinda mimba wenu. Mola akulinde, akujalie usingizi mwanana.

Nikupendaye daima,
Bintiyo wa karakana