Soari, Mji Mdogo Tuliouchagua

Kitengela,
Jumatatu asubuhi

Mama yangu mpendwa,

Pokea salamu nyingi kuliko vumbi la huku, na hilo si kidogo. Je, mguu wako umepoa? Baba bado anakohoa akitoka shambani? Mimi ni mzima, tena nimenenepa. Kamau anasema ni mapenzi. Mimi nasema ni chapati zake, maana mwanamume huyu hupika! Ningekupigia simu, lakini wewe huiweka kwenye spika, na haya si ya boma zima.

Nyumba yetu ni vyumba viwili vya mabati kwenye ploti ya Kamau. Maji huletwa na bauza, lile lori la tangi, mara moja kwa wiki, upepo hutingisha paa hadi vijiko vinalia, na mvua ikinyesha udongo mweusi unakuvua kiatu. Lakini asubuhi nikifungua mlango, uwanda wote ni wetu, pundamilia wakiwemo. Kamau huchomelea mageti ya watu wenye nyumba kubwa, kwa hivyo siku aliponileta hapa aliona haya. Akasema, "Nekesa, ni kadogo." Nikakumbuka masomo ya dini shuleni, nikamsimulia habari za Soari.

Unakumbuka, mama: Lutu alipoambiwa atoke Sodoma akimbilie mlimani, aliomba aingie mji mmoja uliokuwa karibu, kwa kuwa ulikuwa mdogo tu. Mji huo nao ungechomwa, ukaachwa kwa ajili yake. Ndipo ukaitwa Soari, yaani mdogo. Mimi jina hilo hunigusa sana. Mtu yule hakuomba ngome wala jumba. Aliomba padogo pa kumtosha kuishi, na ule udogo ndio uliomwokoa. Kamau akachukua rangi iliyobaki kwa geti la mteja, akaandika SOARI juu ya mlango kwa herufi nyekundu. Mama, nililia. Nani mwingine amewahi kuandikiwa mji?

Sasa juzi Jumamosi mama mkwe alikuja kutoka kwake Laiser Hill na wamama wa kanisa lake, pikapu imejaa. Kwao kuna desturi wanayoiita itega: wamama humletea bibi arusi unga, vyombo na blanketi, kumkaribisha nyumbani kwake. Walifika wakiimba. Mama mkwe akasoma mlango, wimbo ukakatika.

"Msishushe kitu! Nani ameandika hii?"

"Ni sisi, mama," nikasema.

"Huo si mji wa kule Sodoma?" mama mmoja mnene akauliza.

"Ni jirani," mwenzake akamjibu. "Ploti zimeshikana, ni bikoni tu ya mpaka iko katikati."

Wakacheka wote isipokuwa mama mkwe. Nikamweleza kama nilivyokueleza. Alisikiliza hadi mwisho, kwa sababu Maandiko anayajua kuliko mimi.

"Umesoma vizuri, msichana wangu, lakini uliachia njiani. Huyo Lutu alikaa Soari? Aliogopa, akapanda mlimani. Na nyinyi pandeni. Kwangu niko na vyumba vitano na maji ya mfereji. Hivi vitu vinaenda huko, na nyinyi mtakaa huko mpaka Kamau ajenge ya mawe."

Kamau akaangalia viatu vyake. Mama, nilijua tukiipanda ile pikapu itakuwa miaka. Mimi nitakuwa msichana wa jikoni kwa mwanamke mwingine, na mume wangu atarudi kuwa mtoto. Nikasema kwa adabu zote ulizonifunza, "Ni kweli, mama, alipanda. Lakini yaliyompata huko pangoni, alipoleweshwa na binti zake, hata wahubiri huyaruka."

Yule mama mnene akashikilia pikapu asianguke kwa kicheko, na wengine wakajifunika leso mdomoni.

"Kamau! Huyu ulimtoa wapi?" mama mkwe akauliza.

"Bungoma, mama." Sasa alikuwa ameinua kichwa. "Na simrudishi. Tutakaa hapa."

Tutakaa hapa! Mbele ya wamama wote wa kanisa! Ningeweza kumbeba mgongoni.

Mama mkwe akawageukia wamama. "Shusheni unga peke yake," akasema. "Hivyo vingine vinabaki kwa gari mpaka niongee na mama yake. Akimwambia ahame, atahama." Si mtu mbaya, mama. Alikula chapati nne, na wakati wa kuondoka alinishika mkono hadi kwenye gari.

Kwa hivyo atakupigia Jumapili baada ya ibada. Atakuambia juu ya vumbi, upepo na maji. Yote ni kweli, usibishane naye. Mwambie tu kwamba binti yako ameolewa na kwake ni hapa. Na kama moyo utakutuma useme nihame, nakuomba radhi mapema, nimepiga magoti: sitahama. Hizo blanketi zikae Laiser Hill. Sisi tunayo moja, na inatutosha.

Nisalimie baba, mwambie avae koti. Nisalimie nyanya, na shangazi aliyecheza arusini hadi akapoteza kiatu, na kitinda mimba wetu, asome kwa bidii.

Ni mimi binti yako,
Nekesa, mke wa Kamau.
(Naandika tena kwa raha tu: mke wa Kamau.)