Tulivyompeleka Mwende Chuo Kipya

Mama Mwende, shoga yangu,

Najua kaburi lako huko Machakos dada zako wanalipalilia. Mimi huku Marekani, Riverdale Park, sina cha kupalilia. Siku walipokusafirisha sikupata ruhusa kazini, nikabaki kwenye nyumba ya wazee kule Temple Hills nawabadilishia wazee wetu mashuka huku machozi yananitoka, mpaka yule bibi wa chumba cha mwisho akaniuliza hilo shuka limenikosea nini. Ni mwaka na nusu sasa. Sina pahali pa kukaa na wewe, kwa hiyo nakaa hapa mezani nakuandikia. Usianze kulia. Habari nilizonazo nyingi ni za kuchekesha.

Kwanza nikiri kosa langu, kabla hujalisikia kwenye sala za Mama Furaha, maana yule mwanamke akisali hana siri.

Mwaka jana mwezi wa nne Mwende alinipigia simu. Unajua baada ya mazishi alirudi kule chuoni kwake, kule mbali kwenye mashamba ya mahindi yasiyo na mwisho. Siku ya tatu tangu ashuke kwenye ndege akacheza mechi. Kuanzia hapo mpira wa kikapu ukamkataa, na kocha akamweka benchi. Mimi hayo sikuyajua. Kila nikimwuliza ananiambia "I'm fine, Auntie," na mimi namwamini, mjinga mimi. Basi siku hiyo akasema, "Auntie, nimetransfer. Nakuja chuo cha huko kwenu."

Sasa shoga, wewe na mimi tumesomea wapi? Kwetu mtoto akihama shule kabla hajamaliza, swali ni moja tu: amefanya nini? Nikamwuliza kocha wake anasemaje. Akajibu kwamba wamekubaliana ni vizuri aondoke. Wamekubaliana! Nikakaa chini. Nikajua kafukuzwa. Akaniapia hajafukuzwa, lakini wewe umewahi kumsikia aliyefukuzwa akisema kafukuzwa?

Nikakuona pale hospitali, siku ile uliponishika mkono ukasema amalize shule, mpira ataamua mwenyewe lakini shule amalize. Nikasema ndiyo. Mtu akishakuambia ndiyo na wewe ukaondoka, hiyo "ndiyo" haina pa kurudishwa. Usiku ule sikulala, asubuhi nikampigia Bi Rukia, nikampigia na Mama Furaha, nikawaambia mtoto wa mwenzetu kapokelewa chuo kipya kwa huruma tu, twendeni tukamwombee radhi.

Tukaenda wajumbe watatu. Mimi nimejifunga khanga juu ya gauni la kanisani, Bi Rukia kavaa baibui lake la sikukuu, Mama Furaha kapiga kitenge na kilemba kilichogusa dari ya gari. Chai kwenye chupa, chapati ishirini kwenye hotipoti. Kuku mzima tulimkosa, tukapita Landover tukanunua wa kuchomwa. Bi Rukia alinung'unika njia nzima kwamba kuku asiye na miguu si zawadi.

Kocha ni mama wa Kimarekani, mweusi, mrefu, sauti nzito. Mlango ulipofunguka, mimi nikapiga magoti, nikasema, "Mwalimu, tumekuja kwa unyenyekevu." Mama Mwende, yule mama aliruka meza! Alidhani nimeanguka. Akaniinua kwapani huku anapiga kelele aitiwe daktari wa timu, na kijana akaja mbio na barafu. Nikawekewa barafu kwenye goti zima kabisa. Mama Furaha akawa anamwambia, "Non, non, anaheshimu tu, anaheshimu!" na Bi Rukia kageukia ukutani mabega yanatingishika.

Tulipotulia nikatoa hotuba yangu. Kwamba huyu binti hana baba karibu, mama yake Mungu amemchukua, kama kuna alichokivunja kule alikotoka sisi tutakilipa, naomba asifukuzwe tena. Kocha akavuta kiti karibu yangu. Kisha akanieleza taratibu, kama mtu anavyomweleza mgonjwa. Siku hizi wachezaji wa vyuo wanahama kama wachezaji wa ligi kuu kule nyumbani. Kuna dirisha la usajili, linafunguliwa, mtu anaandika jina lake, vyuo vinamgombania. Vyuo vinne vilimtaka Mwende. Wao ndio waliombembeleza.

Sijawahi kuona aibu tamu namna ile. Nilitaka kucheka na nilitaka sakafu inimeze.

Nikadhani mambo yameisha. Tukafungua hotipoti, maana chapati hazirudi nyumbani. Kocha akampigia kwanza mtu wa ofisi ya kanuni kuuliza kama sheria za mchezo zinamruhusu kula chapati za jamaa wa mchezaji. Yule bwana akaja mwenyewe na fomu, akala tatu, akasema ataendelea kuchunguza. Ndipo kocha akauliza kama hivi ndivyo tunavyofanya kwa kila mtoto. Nikamwambia mtoto hatumwi mahali pageni kama kifurushi. Anapelekwa. Aliyempeleka anasema huyu ni nani, tabia yake mbaya ni ipi, na yeye mwenyewe atapatikana wapi mtoto akikosea. Hapo unaweza kugeuka ukaenda zako.

Akaweka chapati yake chini. Halafu akasema mwaka huu anapokea wageni watano kwa mpigo, kila mmoja kutoka chuo chake. Watu wameshaandika mitandaoni nani atafunga pointi ngapi, nani ataziba pengo la nani, na Mwende ndiye wanayemtegemea kuliko wote kwa mitupo ya mbali. "Mimi nataka kitu kimoja tu," akasema. "Wasiwe wageni itakapofika Novemba, msimu ukianza." Kila mmoja, akasema, anafika na masanduku mawili na simu. Hakuna aliyeletwa. Akauliza kama tunaweza kuwaleta na wale wengine.

Nikasema ndiyo. Unanijua.

Mwende alikuwa ananingoja kwenye maegesho ya magari. Habari zilikuwa zimemfikia, barafu na yote. Hakunipigia kelele, ingekuwa afadhali. Alisema, "Auntie, kila mtu anasema sisi tunaohama tunakimbia matatizo. Na wewe umeenda kuwaombea msamaha kwa niaba yangu." Akaingia garini. Wiki mbili simu zangu hazikupokelewa. Nilikasirika na mimi, nikasema mwache, halafu nikapika ile muthokoi yako ya mahindi na maharage, nikamwachia mlangoni, nikakimbia. Bakuli lilirudi limeoshwa. Barua hakuna.

Mwezi wa nane ndiyo tukawaleta. Tulikuwa tumewapigia simu wazazi wote. Mama Furaha alimchukua binti wa Montreal kwa sababu ya Kifaransa, yeye na mama wa binti wakaongea saa nzima kuhusu presha. Bi Rukia alichukua wawili, mapacha kwa ukaidi wala si kwa damu, mmoja wa Ohio na mmoja wa Texas. Siku yenyewe tukasimama katikati ya uwanja wa ndani, timu nzima imekaa sakafuni. Bi Rukia akatangaza mbele ya watu kwamba huyu wa Ohio akishindwa hasemi na mtu siku mbili, bibi yake kasema msimwache peke yake, mpeni ice cream. Msichana akafunika uso, wenzake wakapiga makofi. Yule wa nne, mama yake alikuja mwenyewe kutoka Baltimore, akasema makosa ya mwanawe mpaka kocha akamwomba apumzike.

Akabaki wa tano, wetu. Nilikuwa nimejiandaa, shoga. Nikasema haoshi kikombe. Nikasema anachelewa asubuhi. Nikasema akikuambia yuko sawa, usimwamini, mimi nilimwamini miezi mingi na nilikosea. Nilipofika kwenye kusema mama yake ni nani, maneno yakakataa. Nilisema jina lako tu. Nilisimama pale nikalia mbele ya wasichana warefu kumi na nne, na Mwende akatazama viatu vyake. Hakuja kunishika. Nilielewa, lakini iliniuma, siwezi kukudanganya.

Haya, msimu. Ungekuwepo ungepoteza sauti. Mechi ya kwanza Mwende alirusha mara tisa, haukuingia hata mmoja. Watu wakaandika mitandaoni maneno ambayo nilitaka kuyajibu moja moja, Bi Rukia akaninyang'anya simu. Nilikumbuka siku ile uliyonicheka mpaka ukapaliwa, niliposema mtoto kaadhibiwa kwa kusimamishwa peke yake mbele ya watu wote wamemkodolea macho, kumbe ni mtupo huru, kapewa haki yake. Safari hii alivyosimama pale peke yake ilikuwa adhabu kweli. Na wewe hukuwepo kupiga ile kelele yako ya "Kunja magoti, Mwende!" Nikaipiga mimi. Ikatoka nyembamba, ya kwetu Korogwe. Alikosa mitupo yote miwili.

Kocha hakumweka benchi. Alimwambia, nilikuja kujua baadaye, kwamba kama mpira hautaki kuingia kutoka mkononi mwake, basi autume kwa mwenye mkono unaotaka. Kuanzia Desemba mtoto wako akawa mgawaji. Mama Mwende, pasi zile! Anamtazama wa Texas, mpira unaenda kwa wa Ohio. Yule wa Baltimore alikuwa akifunga anamwonyesha Mwende kidole kumshukuru kwa pasi. Mitupo ya mbali ilirudi kidogo kidogo, kama hamu ya kula inavyorudi. Walishinda zaidi ya walivyoshindwa, na kwenye mashindano ya mwisho walitolewa mechi ya kwanza kabisa. Waliotabiri makubwa walisikitika. Mimi nilipika.

Na sisi wawili? Simu alianza kupokea. Jumapili akawa anakuja kula, wakati mwingine na wenzake, wanajaza sebule miguu mitupu. Ananiita Auntie, anaosha kikombe, anaondoka. Adabu tupu. Adabu nyingi namna ile ni ya mgeni, na mimi sikutaka kuwa na mgeni.

Kisha likaja tena hilo dirisha. Ana mwaka mmoja umebaki, na aliyehama mara moja anajua njia. Binti wa Montreal aliandika jina lake, na wa Texas pia, wakaja kuniaga vizuri, Mama Furaha akalia kama harusini. Mwende kimya. Kila asubuhi nilikuwa nafungua simu kuangalia orodha ya wanaohama kabla sijafungua macho vizuri. Kumwuliza sikuthubutu, nilishawahi kumwuliza maswali na unaona yalinipeleka wapi. Nilijiuma ulimi wiki nzima, mimi, Rehema! Akihama tena, nilijiambia, ataishia kuacha shule kabisa, na ile "ndiyo" yangu itakuwa uongo.

Jumamosi iliyopita mchana kocha akanitumia ujumbe: ana mgeni wa kutazama chuo, binti anayetaka kuhamia kutoka Nebraska, je, Mwende amlete kwangu ale? Wakaja. Mrefu yule mtoto, aliinama kupita mlangoni. Niliwaweka mezani, nikarudi jikoni kusukuma chapati. Ukuta wetu unaujua, mtu akipiga chafya sebuleni jikoni unasema afya.

Binti akamwuliza Mwende, kwa sauti ya chini, hapa wanatarajia nini kwa mtu anayehamia. Pointi ngapi. Nikaacha kusukuma.

Mwende akacheka. Akasema pointi watakuandikia watu usiowajua, hizo usizijali. Kocha anatarajia uletwe. Mtu wako asimame mbele ya timu, aseme wewe ni nani na ubaya wako ni upi, ili usijifiche. Akasema yeye siku yake alitaka kufa kwa aibu, na kwamba usiku ule alilala vizuri mara ya kwanza tangu mazishi. Hili hakuwahi kuniambia.

Binti akasema mama yake ana kazi mbili na hawezi kusafiri, hana mtu wa kumleta.

Na mwanao, Mama Mwende, kwa Kiingereza chake cha haraka, bila hata kuwaza, kama mtu anayeonyesha choo kiliko, akasema: "Usijali. Mama yangu atakuleta mwezi wa nane. Yuko jikoni."

Niligeuka kutazama kama kuna mtu mwingine jikoni.

Chapati iliungua. Waliila hivyo hivyo.

Sasa usinionee wivu huko. Wewe umembeba miezi tisa, mimi nimebeba hotipoti tu. Orodha imefungwa jana na jina lake halimo. Anabaki, anamaliza, ameshachagua masomo ya muhula ujao, na hata kauliza kama anaweza kuhamishia nguo zake za baridi kabatini kwangu. Nimemwambia aulize kabati.

Nakuacha sasa, shoga, nina zamu. Lala pale ulipo bila wasiwasi. Nakuahidi mwezi wa nane nitasimama tena mbele ya wasichana wote, nimlete huyu wa Nebraska, na safari hii jina lako nitalisema mpaka mwisho wa sentensi: kwamba Mwende ana mama wawili, mmoja amelala Machakos, na mwingine ndiye mimi.

Wako,
Rehema